Mguu Ukikataa na Vipimo Viko Sawa: Jinsi Tunavyotibu Konvesheni

Aliletwa kwangu amebebwa mgongoni na mdogo wake wa kiume, ngazi hadi ghorofa ya pili, maana jengo letu halina lifti. Fundi wa nguo kutoka Kariobangi South, umri miaka 34, mama wa watoto wawili. Wiki sita kabla ya siku hiyo aliteleza akishuka matatu, akagonga goti. Goti likavimba siku tatu, likapona. Siku ya nne akaamka mguu wa kulia hausikii. Mamake alikuja nyuma yao ameshika bahasha ya kaki iliyojaa picha za kichwa, picha za uti wa mgongo na majibu ya damu. Kila karatasi ilisema hali ni ya kawaida. Barua ya daktari wa neva ndiyo peke yake iliyotaja ugonjwa: konvesheni, yaani mwili kukataa kufanya kazi ingawa neva hazijakatika.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, huu mwaka wa 21, na chumba changu kiko Eastlands. Mwongozo huu nawaandikia hasa watu kama yule kijana aliyembeba dada yake ngazi zote zile: mnaoishi na mgonjwa, mmeambiwa vipimo viko sawa, mkarudi nyumbani bila kujua kesho mfanye nini.

Nilimlaza chali. Nikaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu mgonjwa, nikamwambia, "Dada, kandamiza mkono wangu." Alikaza uso mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo. Kisigino hakikunikandamiza hata kidogo. Kiganja nikakiacha palepale, mkono wa pili nikauweka juu ya paja la kushoto. "Sasa achana na huo. Inua huu wa kushoto, mimi nitakuzuia." Akainua, nikamzuia, na papo hapo kisigino cha kulia kikanishukia kwa nguvu, vidole vyangu vikazama kwenye godoro.

Nikamwita mamake. "Mama, lete mkono wako hapa uhisi." Tukarudia. Mama akahisi, akanitazama, akamtazama mwanawe. "Kumbe anaweza!"

"Mguu unaweza, mama," nikamwambia. "Njia ya yeye kuufikia ndiyo imeziba."

Nataka usome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu matibabu yote yanasimama juu yake. Ukisema "anaweza" kisha ukanyamaza, umemwita mwongo. Ukisema "mguu unaweza, njia imeziba", umemwonyesha kwamba kuna kitu cha kurudi kwake.

Kipimo hicho kilielezwa na daktari wa Marekani, Charles Franklin Hoover, mwaka 1908, na hadi leo hakihitaji mashine yoyote. Tafadhali usikifanye nyumbani kumtega mtu. Maumivu ya nyonga yanaweza kukudanganya, na kusoma kwake kunahitaji mkono uliozoea.

Ugonjwa wenyewe

Jina konvesheni maana yake ni kugeuza. Linatoka enzi za Sigmund Freud, aliyeamini kwamba uchungu wa moyoni hugeuka kuwa ulemavu wa mwili. Siku hizi madaktari wengi huandika FND kwenye faili, yaani hitilafu ya utendaji wa mfumo wa neva. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa magonjwa, kiliondoa sharti kwamba lazima ipatikane huzuni au mshtuko ndipo ugonjwa uitwe konvesheni. Kilichobaki kuwa sharti ni daktari kuona dalili zenyewe kwenye mwili, kama ile ya kisigino. Badiliko hilo lilinifurahisha sana, kwa sababu nimeona familia zikivunjana zikitafuta "nani alimkosea". Wapo wagonjwa waliopitia mambo mazito. Wapo pia ambao walianguka tu, au waliumwa kipandauso, au walichomwa sindano ikawauma, na mwili ukajifunza vibaya kutokea hapo.

Kwa watu wa mtaani kwetu mimi husema hivi: fikiria nyumba yenye stima. Nguzo zimesimama, nyaya hazijakatika, balbu ni nzima, lakini mita imejifunga. Ukimleta fundi akague waya, atakuambia kila kitu kiko sawa, na atakuwa anasema kweli. Lakini giza ni giza. Na mwenye nyumba hakuizima stima kwa makusudi.

Oktoba 2023, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Eregi kule Kakamega walipopelekwa hospitalini wengi wao wakishindwa kutembea vizuri, nilikuwa kwenye matatu nikitoka kazini. Abiria walikuwa wakitazama video na kusema hawa wanajifanya. Nilishuka nikiwa na uchungu, kwa sababu neno hilo nimelisikia likisemwa juu ya karibu kila mgonjwa wangu wa aina hii, na kila mara linamrudisha nyuma.

Kabla ya yote, hospitali

Usianze kutibu konvesheni ambayo hakuna daktari aliyeithibitisha. Mtu akipooza ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, ni dharura, mkimbize hospitali kama mgonjwa wa kiharusi. Vilevile ganzi inayopanda kutoka miguuni kuelekea juu, kushindwa kukojoa, ganzi ya sehemu anayokalia, homa pamoja na shingo kukakamaa, au kuanguka na kutetemeka kwa mara ya kwanza maishani. Mjamzito au aliyejifungua majuzi akitetemeka, usisubiri hata dakika.

Ukifika kwa daktari wa neva, muulize swali moja: "Umeona dalili gani inayokuonyesha ni huu?" Picha safi ya ubongo haitoshi. Unataka kusikia jambo aliloliona: kisigino kilichokandamiza, mtetemeko uliobadilika alipoambiwa agonge meza kwa mdundo mwingine, macho yaliyofumbwa kwa nguvu wakati wa kuanguka. Na kumbuka mtu mmoja anaweza kuwa na kifafa na konvesheni pamoja. Hata baada ya jina kupatikana, dalili mpya ikitokea, mrudishe apimwe.

Namna ya kumwambia

Hapa nilishawahi kukosea vibaya. Mwaka wangu wa pili kazini, kijana mmoja aliletwa akiwa hawezi kusimama. Nikasoma majibu, nikatabasamu, nikamwambia, "Huna kitu, shukuru Mungu, inuka uende nyumbani." Hakurudi. Nilikuja kumwona miaka miwili baadaye kwenye kiti cha magurudumu, vifundo vimekakamaa, mishipa ya nyuma ya visigino imefupika, na sasa kweli alikuwa na ulemavu ambao picha ingeuonyesha. Sijasema tena "huna kitu" kwa mtu yeyote.

Sema: "Ugonjwa wako una jina. Ni wa kweli na unawapata watu wengi. Neva hazijakatika, kwa hiyo kuna nafasi nzuri ya kupata nafuu. Itabidi tuufundishe mwili upya." Maneno haya mgonjwa ayasikie kutoka kwa daktari, kwako, kwa mume au mke wake, na kwa shangazi anayepiga simu kutoka ushago. Mmoja akisema mengine, mgonjwa atakesha akimwaza huyo mmoja.

Ukiona mtu, hata awe na koti jeupe, anamfinya au kumsugua kifua kwa vifundo vya vidole ili "aache mchezo", mwombe aache. Kumuumiza mgonjwa si matibabu.

Kurudisha mwendo

Jambo la ajabu katika ugonjwa huu ni kwamba kadiri mtu anavyoukazia macho mguu, ndivyo unavyokataa. Mtu mzima wa afya hatembei kwa kuufikiria mguu. Anafikiria anakokwenda. Mgonjwa wa konvesheni hutazama chini kila hatua, anauamuru mguu, na amri yenyewe ndiyo inayoukwamisha. Kwa hiyo sisi hatuanzi na kuongeza nguvu, maana nguvu ipo. Tunayapa macho na akili kazi nyingine, mguu upate nafasi ya kufanya ulichozoea.

Simfichi mgonjwa mbinu hiyo, nasi hatumhadai. Nilimweleza yule fundi nilichokuwa nikifanya na kwa nini, halafu nikamuuliza nini anakikosa zaidi. Akasema cherehani. Chini ya jengo letu kuna fundi mwenye cherehani ya kukanyaga. Tukamwomba. Tulimteremsha, tukamkalisha, nyayo zote mbili juu ya kanyagio, nikampa kipande cha kitenge. "Mguu niachie mimi. Wewe tazama mshono usipinde." Alianza kwa kusitasita, gurudumu likirudi nyuma, uzi ukikatika. Akaufunga tena. Mshono wa pili ukanyooka. Alipofika wa tatu nilimwambia auvute mguu wa kushoto, aukalishe sakafuni. Kanyagio haikusimama. Ilipungua mwendo, ikayumba, ikaendelea, chini ya mguu mmoja, ule ule wa kulia. Mamake alifunika mdomo kwa leso. Nilimwomba asiseme kitu mpaka uzi uishe.

Kila mgonjwa ana cherehani yake. Kwa mpishi ilikuwa kusonga ugali akiwa amesimama. Kwa mvulana wa shule ilikuwa mpira. Tafuta kitu ambacho mwili ulikijua kabla ya ugonjwa, kisha jengea hapo. Haya ndiyo ninayofanya mara nyingi, na mengi unaweza kuyaendeleza nyumbani baada ya kuonyeshwa na mtaalamu:

Kusimama kwanza. Asimame ameshika ukingo wa meza, ahamishe uzito kushoto na kulia, polepole kisha haraka kidogo, huku akizungumza na wewe kuhusu jambo jingine kabisa. Usimlaze kitandani umwambie ainue mguu. Hapo ndipo anaposhindwa zaidi.

Baada ya hapo, weka karatasi mbili za gazeti juu ya sakafu laini, moja chini ya kila unyayo, ateleze mbele kama anayepiga deki kwa miguu. Kuteleza si kutembea, hivyo ile njia iliyoziba haiguswi. Ukiona anateleza vizuri, ondoa gazeti moja, kisha la pili. Kwenda kinyumenyume pia hufanya kazi hiyo hiyo, na kwenda kwa ubavu, na kucheza muziki. Nina mama mmoja ambaye hakuweza hatua tatu za kawaida, lakini nyimbo za kwaya zikipigwa alivuka chumba kizima. Tulianza na wimbo mzima, tukapunguza sauti wiki kwa wiki, mwishowe akawa anauimba moyoni. Wengine huhesabu kutoka 100 wakirudi nyuma kwa tatu tatu.

Mkono unaotetemeka usiushike kwa nguvu ili utulie. Mpe mgonjwa kitambaa afute meza kwa mizunguko mikubwa, au agonge mdundo tofauti kwa mkono usiotetemeka, mtetemeko ufuate mdundo huo, kisha apunguze mpaka usimame.

Wewe msaidizi, simama mbele yake mtazamane usoni. Ukikodolea mguu, naye atautazama. Msifu kwa alichofanya ("umefika mlangoni") kuliko kwa namna mguu ulivyokwenda.

Vipindi vifupi vingi vina faida kuliko kimoja kirefu: dakika tano, mara sita kwa siku. Siku mguu ukiitika, usimwache azunguke soko zima. Kesho atalala amechoka, akidhani ugonjwa umerudi.

Magongo na kiti cha magurudumu ni suala ninalogombana nalo kila wiki. Yule fundi alikuwa ameshauriwa anunue kiti, na familia ilishaanza kuchanga. Niliwaomba wasubiri. Kiti kinapoingia nyumbani mapema, mwili hujifunza kukaa. Kama usalama unadai gongo, na litumike, lakini mkubaliane tangu mwanzo lini litaanza kuachwa. Kukandwa na kupashwa moto pekee hupunguza maumivu, hakurudishi mwendo. Usimalizie pesa hapo.

Ushahidi upo, nami nautoa kama ulivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 60, wengine wakapewa siku tano mfululizo za fizio ya aina hii. Baada ya miezi sita, asilimia 72 ya hao walisema wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 18 ya waliopata fizio ya kawaida. Mwaka 2024 likaja jaribio kubwa la watu 355. Safari hii alama za uwezo wa mwili hazikutofautiana sana baina ya makundi mawili, ingawa waliopata fizio maalumu ndio wengi zaidi waliosema hali yao imekuwa bora. Kwa hiyo siahidi muujiza. Naahidi kazi yenye nafasi nzuri.

Wanaoanguka na kutetemeka

Wapo ambao konvesheni huwajia kwa kuanguka kunakofanana na kifafa. Dawa za kifafa hazitibu vipindi hivi, ila aliyeandikiwa asiziache ghafla peke yake. Daktari ndiye anayezipunguza. Uhakika hupatikana vizuri zaidi kwa kipimo cha umeme wa ubongo kinachorekodiwa pamoja na video wakati mtu anaanguka. Kwa wengi wetu kipimo hicho ni cha mbali, kwa hiyo rekodi kwa simu, kuanzia mwanzo kama unaweza, uso na mikono ionekane. Daktari wa neva hujifunza mengi kwa video ya dakika mbili.

Anapoanguka, ondoa stuli na jiko, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshike viungo, usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji. Ongea naye kwa sauti ya chini: yuko wapi, yuko na nani, itapita. Wengi husikia hata wasipojibu. Watu wa ploti watajaa mlangoni. Mmoja wenu awatoe kwa upole. Mgonjwa ambaye utambuzi wake umethibitishwa na mna mpango wa daktari hahitaji kukimbizwa hospitali kila mara, na sindano za usingizi zinazorudiwa zinaweza kumpunguzia pumzi bila kumsaidia. Lakini kipindi kikiwa tofauti na vile mnavyovijua, akiumia, akibadilika rangi, au huna uhakika, nendeni.

Wengi wana ishara kabla: masikio kuziba, kichwa kuwa chepesi, watu kuonekana mbali. Hapo ndipo pa kushika. Asugue ukingo wa sarafu kwa kidole gumba, akanyage sakafu kwa nguvu, ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona. Ajifunze haya akiwa mzima, mara nyingi, ndipo yatakuja yenyewe.

Mazungumzo, dawa, maombi

Mtaalamu wa saikolojia hamfanyi mgonjwa aungame siri. Anamsaidia kuona mzunguko: hofu ya kuanguka inamfungia ndani, kufungiwa kunazidisha hofu, mwili unakaa chonjo, kipindi kinakuja. Katika jaribio la Uingereza la wagonjwa 368 lililochapishwa 2020, tiba ya mazungumzo ya fikra na tabia haikupunguza sana idadi ya vipindi kwa mwezi, lakini waliopata tiba hiyo waliishi vizuri zaidi na vipindi viliwasumbua kidogo. Kuishi vizuri ni jambo kubwa. Hapa Nairobi, hospitali ya Kenyatta na ile ya magonjwa ya akili ya Mathari zina huduma hizo. Usiogope jina Mathari. Uliza mapema SHA, yaani bima ya afya ya serikali, italipia nini.

Hakuna kidonge cha konvesheni. Ila sonona, wasiwasi, maumivu na kukosa usingizi vina dawa, na vikitibiwa kazi yangu huwa nyepesi.

Kuhusu maombi, mimi ni mtu wa kanisa na ninaombea wagonjwa wangu. Mchungaji au shehe anayemwambia mgonjwa "Mungu yuko nawe, fanya mazoezi yako" ni msaada mkubwa. Anayemfungisha siku saba bila chakula, anayempiga ili pepo atoke, au anayemwambia aache dawa, huyo mwondoe njiani bila kuona haya.

Kurudi kazini na siku mguu unaporudia

Asisubiri kupona kabisa ndipo arudi. Fundi wetu alianza na saa mbili kwenye kibanda chake, siku tatu kwa wiki, akiwa bado anachechemea. Tulimtungia jibu la wateja: "Neva zilipata hitilafu, niko kwenye matibabu, naendelea vizuri. Gauni lako nitalimaliza Ijumaa." Jibu fupi humwokoa kusimulia ugonjwa mara ishirini kwa siku.

Kurudia hutokea, na tuliandika mpango kabla hakujatokea, kwa mkono wake mwenyewe, karatasi ikawekwa kwenye droo ya cherehani. Mwezi wa nne, mtoto wake mdogo alilazwa na nimonia. Usiku wa tatu wodini mguu ukakataa tena. Alipofika nyumbani alifungua droo. Karatasi ilisema hivi:

Hii imewahi kutokea na ilipita. Kula, lala saa chache. Ukiamka usiupime mguu kitandani. Kaa kwenye cherehani, mshono mmoja mrefu, macho kwenye kitambaa. Kisha gazeti sakafuni, kutoka mezani hadi mlangoni, mara tatu. Kisha kinyumenyume. Mwambie Mama asitazame miguu. Leo fanya nusu ya kazi. Kukiwa na jambo jipya, kama ganzi usiyoijua, homa au mkojo kukataa, nenda hospitali. Ikifika jioni ya siku ya pili na mguu bado umekataa, mpigie daktari wa fizio.

Simu ilikuja jioni ya siku ya kwanza. Alitaka kujua kama anaweza kuruka ile sehemu ya kinyumenyume, kwa sababu chumba kimejaa nguo za wateja. Nikamwambia aende kwa ubavu.